Jani la pilipili likijikunja, lipindue kwanza

Wiki iliyopita mama mmoja wa Maweni alikuja kitaluni kwangu hapa Malindi na vitawi vitatu vya pilipili hoho kikapuni, kavifunika kwa kitambaa kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. "Mwanangu, nipe dawa ya kukunja," akaniambia hata sijampa shikamoo yake. Nikamkaribisha kivulini, nikatoa kioo changu cha kukuzia.

Dawa ya kukunja haipo. Kujikunja ni dalili tu, kama homa, na wanaoileta ni zaidi ya mmoja. Tazama jani limeelekea wapi. Kingo zikipanda juu, jani likawa kama mtumbwi, na mgongoni kuna michirizi inayong'aa kama fedha, mshuku thripsi. Gonga ua juu ya karatasi nyeupe, utaona vidudu vyembamba vikikimbia. Lakini kingo zikiinama chini, jani likawa kama bakuli lililofudikizwa, na ncha za mmea zimedumaa na kukakamaa, huyo ni utitiri. Utitiri huu huuoni kwa macho matupu, hata robo ya milimita haufiki, na wala si mdudu kamili: una miguu minane, ukoo wa buibui. Wakati mwingine husafiri kwa kudandia miguu ya nzi weupe, kama abiria wa bodaboda.

Tofauti hiyo ilinigharimu mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo niliona majani yameinama, nikakimbilia duka la pembejeo, nikauziwa dawa kali ya wadudu. Nikapiga bomba mara tatu. Kila nikipiga, hali inazidi. Dawa ile ilikuwa haiui utitiri hata kidogo, ila iliwamaliza maadui zake wote, ukabaki unazaana kwa raha zake. Shamba zima likaishia jaani.

Siku hizi utitiri naupigia unga wa salfa uliochanganywa na maji, asubuhi na mapema au jioni. Ukipiga jua la mchana utaunguza majani. Salfa na mafuta havipatani: ukishapiga mafuta ya mwarobaini, ngoja wiki mbili ndipo upige salfa. Ncha zilizokakamaa zikate uzichome. Usizitupe pembeni ya tuta.

Thripsi, vidukari na nzi weupe nawapa mwarobaini, na sisi watu wa pwani mwarobaini tunaukanyaga njiani. Kokwa zilizokauka, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zitwange, ziloweke usiku kucha, chuja kwa kipande cha kanga kuukuu, tia sabuni kidogo ishike jani. Piga jioni, maana jua huivunja nguvu haraka. Elekeza bomba chini ya jani, siyo juu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, halafu wanasema mwarobaini ni uongo.

Kuna lawama nyingine wadudu hubebeshwa bure: maua kupukutika. Hoho haipendi joto letu. Usiku ukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 24, ua hudondoka bila mtu kuligusa. Ndiyo maana mbegu nasia Aprili, miche natoa kitaluni Juni, ili ichanue Julai na Agosti wakati kusi limepoza mji. Anayetaka kuvuna kwenye joto la kaskazi apande pilipili mbuzi, hiyo ina ngozi ngumu kidogo. Tena, ukiona mti umenawiri, majani kijani cha kuiva, lakini hauna ua hata moja, uliza umetia yuria kiasi gani. Mti ulioshiba naitrojeni hunenepa tu.

Na pilipili yenye doa jeusi lililobonyea kitakoni? Hiyo ni maji ya kubahatisha: leo ndoo tele, siku nne hakuna kitu, kalsiamu haifiki kwenye tunda. Mchanga wetu haushiki maji, kwa hiyo tandaza majani makavu kwenye shina na mwagilia kidogo kidogo. Na maji ya kisima yaonje kabla hujapanda, yasije yakawa ya chumvi.

Majani ya yule mama yalikuwa yameinama. Nikampa salfa na kumwonyesha kipimo. Akiwa anafunga kikapu akauliza kama sisimizi nao awapige, maana wamejaa kwenye miche yake mingine. Nikamwambia awaache, awafuate tu wanakokwenda. Atawakuta wanalinda vidukari, wanalamba ule utomvu mtamu vinaoutoa. Avioshe vidukari kwa maji ya sabuni, sisimizi watahama wenyewe. Na akikuta hapo vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi, mgongo wa duara kama nusu ya njugu, asiviguse: hivyo vinakula vidukari.

"Basi hao ndio nilioua wote juzi," akasema.