Kuhamisha umeme kati ya benki za betri zenye volti tofauti: maana yake nini?

Mwenye lori akitaka kufunga redio ya gari dogo hukutana na jambo hili bila kulijua jina. Lori lake ni la volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizoungwa kwa mfuatano (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine), na redio inataka 12. Fundi wa haraka haraka hutoa waya kwenye betri moja tu kati ya zile mbili, redio ikaimba, akalipwa akaenda zake. Miezi kadhaa baadaye betri moja imekufa na nyingine inachemka maji. Tutarudi kwenye lori hilo.

Benki ya betri ni betri kadhaa zilizofungwa pamoja zikafanya kazi kama moja. Kuhamisha umeme kati ya benki mbili za volti tofauti ni kuchukua nishati ya benki moja, tuseme ya 24, na kuchajia nyingine, tuseme ya 12 au 48, kwa kupitia kifaa kinachobadili volti katikati.

Kwa nini tusiunge tu chanya kwa chanya na hasi kwa hasi? Kwa sababu volti ni msukumo, si wingi. Betri mbili ndogo za pikipiki zikiungwa kwa mfuatano zinatoa volti 24, na zitausukuma umeme kuingia kwenye betri kubwa ya 12 hata kama kubwa hiyo ina akiba mara kumi. Tofauti ya volti 12 hupita kwenye ukinzani mdogo mno. Kwenye benki kubwa zenye nyaya nene, ukinzani wote ukiwa omu 0.02, mkondo unaanzia ampia 600. Waya unayeyuka, na betri ya asidi inayotoa gesi karibu na cheche inaweza kupasuka. Kinyume chake, benki ya 12 haiwezi kuipa ya 24 chochote mpaka volti zake zipandishwe.

Hata namba zikifanana kwenye lebo, usizipime kwa macho. Betri ya asidi ya "12" iliyojaa na kupumzika huwa karibu na volti 12.7, ilhali ya lithiamu ya seli nne, inayouzwa nayo kama ya 12, hukaa karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya chaji yake. Ziunge sambamba, na ya lithiamu itaanza kujimwaga kwa mwenzake.

Kifaa cha katikati huitwa konveta ya DC kwenda DC, DC ikiwa ni umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri. Ndani yake swichi ya elektroniki hufunga na kufungua mara maelfu kwa sekunde, koili ikihifadhi nishati kidogo kidogo na kuiachia kwa volti nyingine. Wati haziongezeki. Ukitaka ampia 20 kwa volti 14, hizo ni wati 280. Konveta yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta wati 311 hivi, yaani kama ampia 12.5 kutoka benki iliyo kwenye volti 25. Wengine hupitia inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, kisha chaja ya ukutani. Inafanya kazi, ila umeme unabadilishwa mara mbili na kila mara unakatwa ushuru.

Toyota Aqua zilizojaa barabarani, magari ya mseto wa petroli na umeme, hufanya kazi hii kila siku. Betri kubwa ya zile za kizazi cha kwanza ni ya volti 144, na konveta ndiyo inayochaji ile ndogo ya 12 ya taa na redio. Gari halina alteneta kabisa, yaani ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri.

Dukani, uliza swali moja: ni konveta ya kuendeshea vifaa au ya kuchajia? Inayotoa volti 12 kamili itawasha redio vizuri, lakini haitajaza betri ya asidi, ambayo huhitaji kama volti 14.4 ili ijae. Ya kuchajia hupandisha hadi hapo, hudhibiti ampia, na iliyo nzuri hujizima benki inayotoa inapokaribia kuisha.

Sasa lori letu. Alteneta huchaji betri zote mbili kwa mkondo mmoja, ikilenga volti 28.4 hivi kwa jumla. Ile yenye redio daima ina upungufu, basi hubaki kwenye 13.4 wakati mwenzake anafikishwa 15. Moja haijai kamwe, sahani zake zinagandwa na salfeti, ukoko unaozuia chaji. Nyingine inachajiwa kupita kiasi na kukaushwa. Dawa ni konveta inayovuta kwenye betri zote mbili, au kisawazishi kinachohamisha umeme kutoka betri iliyoshiba kwenda yenye njaa.

Na fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila benki. Waya wa taa una betri kwenye ncha moja tu. Hapa kila ncha ina betri, na waya ukigusa bodi, benki yoyote kati ya hizo inaweza kuuchoma.