Belti ya kwadi haifi kwa kukimbizwa, inakufa pale unapoondoka

Juzi jioni nililetewa kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, mpya kabisa, kilomita 61 tu kwenye dashibodi, hata vile vinywele vya mpira bado viko kwenye matairi, na mwenyewe ashakasirika kabla hajashuka kwenye pikapu iliyoibeba. "Fundi, nimeuziwa kitu kibovu, nikifinya mafuta inagonga kama inataka kuruka na inanuka mpira." Nikamwambia subiri kwanza kaka, tufungue kava ya belti, ule mkanda wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, tuangalie pamoja. Tukatoa bolti, tukaivua belti, nikampa mkononi nikamwambia ipitishe polepole kwenye vidole. Akafika mahali akasimama mwenyewe. Pale belti ilikuwa imeliwa pande zote mbili, imekonda kama kiuno cha dondora, na kwingine kote ni mpya. Nikamuuliza jana ulikuwa unafanya kazi gani. Akasema alikuwa anavuta trela ya mawe kutoka barabarani hadi pale anapojenga, trela ikazama mchangani, naye akaendelea kufinya mafuta ingawa kwadi haisogei.

Basi hapo ndipo penyewe. Injini inazungusha puli, lile gurudumu linaloshika belti, belti imesimama, puli inaisugua belti mahali pamoja tu, na kwa sekunde chache tu mpira umeshaungua. Ile kugonga anayoisikia ni kile kiuno kinapopita kwenye puli kila mzunguko. Hakuna aliyemuuzia kitu kibovu, ila hakuna pia aliyemueleza, na hilo ndilo linaniuma, manake kwadi unauziwa kwa pesa nyingi alafu unapewa funguo na kitabu cha Kiingereza ndani ya mfuko wa plastiki.

Nimetengeneza kwadi za kukodisha hapa Diani, pwani ya Kenya, miaka mingi sasa, na kila mteja anakuja na imani moja, kwamba belti inauawa na spidi. Mara nyingi sivyo. Inauawa na joto, na joto linazaliwa belti inapoteleza, na mahali inapoteleza zaidi ni pale unapoondoka au unapotambaa. Ngoja nieleze vile inavofanya kazi ndani ya ile kava, ukishaielewa hutahitaji kukariri masharti.

Kuna puli mbili, moja kwenye injini na nyingine kwenye giaboksi. Kila puli ni sahani mbili zimeelekeana, nyuso za ndani zimelala mshazari, belti imekaa katikati. Injini ikinguruma tu bila kufinywa, sahani za puli ya injini ziko mbali, belti imelala chini karibu na shafti, haijabanwa. Ukifinya mafuta, vizito vilivyo ndani ya puli vinarushwa nje na mzunguko, vinaisukuma sahani moja imfuate mwenzake, belti inabanwa, inashika, inapanda juu, na puli ya nyuma inafunguka kuipa nafasi. Hivo ndivyo gia zinavyojibadilisha bila wewe kugusa kitu. Lakini kati ya "haijabanwa" na "imeshika" kuna sehemu fupi ya kuteleza, haina budi. Ukiondoka vizuri inapita mara moja. Ukitambaa kwa mafuta ya wasiwasi wasiwasi, unafinya unaachia unafinya unaachia, unakaa ndani ya ile sehemu muda mrefu na belti inachemka.

Sasa fikiria zile safari za wageni, kwadi nane kwenye foleni, kiongozi wa msafara mbele anaenda pole sababu wa nyuma hajawahi kuendesha hata baiskeli, mchanga mzito, jua la saa nane, gia iko H, ile ya mwendo wa kasi, mwanzo mpaka mwisho, na kuna mgeni mmoja ameshika breki na mafuta kwa pamoja bila kujua. Hizo ndizo zinakula belti. Kitabu cha Polaris kinakwambia ukiwa chini ya kama kilomita 11 kwa saa weka L, ile gia ya nguvu na mwendo wa pole, na mimi nasema hilo ndilo sharti nambari moja hapa pwani. Kuvuta mzigo, L. Kupanda mlima wa mawe, L. Mchanga mlaini, L. Kupandisha kwadi kwenye lori, L, na hii watu wanasahau kabisa. Gia ya L haimaanishi kwadi ni dhaifu wala wewe muoga, inamaanisha injini inazunguka juu, vizito vinabana sawasawa, na belti haibebi uzito wote peke yake.

(Si kila mashine ni sawa. Kwadi nyingi za Yamaha belti inakaa imebanwa muda wote na kuna klachi nyingine ndani ya oili inayobeba ile kazi ya kuondoka, ndio maana belti zake zinaishi sana. Honda nyingi za shamba hazina belti kabisa, ni gia. Kwa hiyo jua kwanza unamiliki nini kabla ya kuchukua ushauri wa jirani.)

Tuje kwa siku za mwanzo, wakati chombo bado kinazoea. Injini mpya, ringi za pistoni na ukuta wa silinda bado hazijajuana, ukuta una mikwaruzo midogo iliyowekwa makusudi kiwandani, na ringi zinatakiwa zijisugue hapo mpaka zikae. Zinakaa kwa kusukumwa na kuachiwa. Ukienda mwendo mmoja tu zinazubaa, ukifinya mafuta yote zinachemka kabla ya kukaa. Yamaha wanasema saa 10 za kwanza za kuendesha usifinye mafuta zaidi ya nusu kwa muda mrefu, ubadilishe badilishe mwendo, na kila baada ya saa moja uipumzishe dakika tano mpaka kumi ipoe, alafu kutoka saa 10 hadi 20 usikae juu ya robo tatu. Mimi natumia hesabu hiyo hiyo hata kwa mashine za Kichina ambazo kitabu chake hakisomeki. Na usiiwashe ukaiacha inanguruma kivulini nusu saa ukidhani unaizoesha. Oili ya kwanza imwage mapema pamoja na filta, kwangu ni kwenye saa 20, uone mwenyewe ile vumbi ya chuma inayong'aa ndani yake. Kaza nati za magurudumu tena. Breki pia mpya, zishike kwa upole siku za mwanzo.

Belti nayo ina mazoea yake, na kila belti mpya unayofunga, hata kwadi ikiwa ya miaka sita, unaanza upya. Ikitoka kiwandani ina utelezi juu yake, kwa hiyo kabla ya kuifunga mimi naiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, naikausha kabisa. Usiikunje, usiipindue ndani nje, ndani kuna nyuzi zinavunjika usizione. Mshale ukiwepo uelekee upande inapozunguka. Nyuso za puli nazisugua kwa kile kitambaa kigumu cha kijani cha kuoshea sufuria, si stilwaya na si msasa, alafu napangusa kwa spiriti. Usiweke grisi wala oili hapo kamwe, hata alama ya kidole chenye mafuta niifute. Alafu natenga kilomita 50 za upole, naenda naongeza napunguza, dakika ishirini nasimama ipoe kabisa, naenda tena. Hakuna trela, hakuna kuruka, hakuna mashindano ufukweni. Katika hizo kilomita belti na puli zinapeana sura, ule ung'avu unatoka na mpira unakaa.

Maji. Ukipita kwenye maji yakaingia kwenye kava utasikia injini inapanda na kwadi haiendi. Usilazimishe. Simama, weka nyutro (gia huru), funga breki, finya mafuta kwa sekunde kadhaa upepo wa puli uyarushe nje, na kama kava yako ina kizibo chini kifungue yamwagike. Maji ya bahari ni habari nyingine, yale hata yakitoka chumvi inabaki kwenye puli, kwa hiyo fungua kava ukaoshe kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Vumbi nalo usilidharau, kile kifilta cha hewa inayopoza belti kikiziba, joto halina pa kutokea.

Na ikikatika njiani, tafadhali usifunge mpya juu ya uchafu. Nyuzi zake zinajizungusha kwenye shafti nyuma ya puli, zinakata sili, oili inavuja juu ya belti yako mpya na unarudi kwangu baada ya wiki. Toa kila kipande, kila uzi, puliza kwa kompresa mpaka kava iwe safi.

Yule kaka nilimfungia belti mpya nikamwambia mawe yabebwe na mkokoteni mpaka kilomita 50 ziishe. Alafu akanunua na ya pili ya spea, nikampa ushauri ninaompa kila mtu. Spea usiiweke chini ya kiti ikiwa bado mbichi. Ifunge, izoeshe zile kilomita 50, alafu ivue uihifadhi imelala bapa pamoja na spana ya kava. Siku ukikwama porini na giza linaingia, utafunga belti ambayo tayari imezoea puli zako, na unaweza kurudi nyumbani na mzigo.