Moyo umetengenezwa, je, figo?

"Mtoto keshapasuliwa moyo, anakojoa vizuri, basi figo zake ziko salama." Wazazi wengi hutoka wodini na imani hiyo, na ninawaelewa: baada ya hofu yote ile, nani anataka kusikia habari za kiungo kingine? Lakini si sahihi.

Moyo unaposimamishwa ili upasuliwe, mashine hushika kazi ya moyo na mapafu. Mtiririko wa damu hubadilika, baadhi ya chembe nyekundu hupasuka, na figo, ambazo hutegemea damu nyingi, zinaweza kuumia. Watoto wachanga wako hatarini zaidi. Mara nyingi kipimo cha kreatinini, taka ya kwenye damu inayochujwa na figo, hurudi kawaida baada ya siku chache, na hapo ndipo tunapodanganyika. Figo zina akiba kubwa: vichujio vilivyobaki hubeba mzigo wa vilivyokufa, na kipimo cha damu hakionyeshi kitu. Kwa baadhi ya watoto, miaka baadaye hujitokeza presha ya kupanda au protini kwenye mkojo, bila maumivu yoyote.

Mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la wataalamu wa figo, unashauri mgonjwa aliyeumia figo ghafla apimwe tena baada ya miezi 3. Kwa hiyo kliniki ya moyo isiishie kwenye eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Omba mtoto apimwe mkojo, na presha pia, kwa mkanda unaolingana na mkono wake, hata kama hajafika miaka 3. Ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu zinazoweza kuumiza figo na zinazopatikana kirahisi duka la dawa, usimpe kabla ya kumuuliza daktari wake.