Mwanga Unasafiri Ndani ya Nini? Habari ya Etha na Kipimo Kilichoiondoa

Karibu kila shule tunayoitembelea, mwanafunzi mmoja huuliza swali hili: sauti inapita kwenye hewa, mawimbi ya bahari yanapita kwenye maji, je, mwanga wa jua unapita kwenye nini, ilhali kati yetu na jua hakuna hewa? Nawaomba walimu wasilivuke haraka. Kwa zaidi ya miaka 200 wanafizikia wakubwa waliuliza vivyo hivyo, na jibu walilokuwa nalo lilikuwa na jina: etha.

Tuondoe kwanza mkanganyiko. Siyo etha ya maabara ya kemia, kile kimiminika chenye harufu kali kilichowahi kutumika kuwalaza wagonjwa kabla ya upasuaji. Etha ya mwanga ilidhaniwa kuwa kitu kisichoonekana wala kushikika, kilichojaa kila mahali, kuanzia nafasi iliyo kati ya nyota mpaka ndani ya kioo cha dirisha.

Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha maelezo yake mwaka 1690: mwanga ni mawimbi yanayoenea ndani ya etha. Isaac Newton aliegemea upande mwingine, kwamba mwanga ni chembe ndogondogo, na kwa heshima aliyokuwa nayo wengi walimfuata. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza Thomas Young alionyesha kwamba mwanga ukikutana na mwanga, mahali pengine panakuwa na giza. Punje mbili za mchanga hazikutani zikafutana. Mawimbi hufutana, pale mgongo wa moja unapoangukia bonde la jingine. Basi mwanga ni wimbi, na wimbi, kwa fikra za wakati ule, lazima liwe na kitu kinachotikisika.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Mfaransa Augustin Fresnel aligundua kwamba mtikisiko wa mwanga ni wa ubavuni. Funga kamba mtini, shika ncha ya pili, itikise juu na chini: wimbi linakwenda mbele, kamba yenyewe inacheza kwa upande. Sauti haiko hivyo. Yenyewe husukuma hewa mbele na nyuma. Ndani ya hewa au maji, mtikisiko wa ubavuni hausafiri, kwa sababu tabaka moja huteleza tu juu ya jingine. Unahitaji kitu kigumu. Katika chuma cha pua mtikisiko wa namna hiyo hukimbia takribani km 3 kwa sekunde. Mwanga hukimbia takribani km 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo etha ilitakiwa iwe ngumu ajabu kulingana na wepesi wake, na papo hapo Dunia ipite ndani yake kwa km 30 kila sekunde, mwaka hadi mwaka, bila kukwama wala kupunguza mwendo.

Waliona ugumu huo, wala hawakuuficha. Lord Kelvin alitoa mfano wa nta ya washona viatu: ukiigonga ghafla inavunjika kama kitu kigumu, ukiiwekea uzito kwa muda mrefu inabonyea polepole. Ni mfano mzuri, ila mfano haupimi kitu.

Kipimo kilitokana na barua. Mwaka 1879, James Clerk Maxwell, aliyekwisha kuonyesha kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, aliandika kwamba kugundua mwendo wa Dunia ndani ya etha kwa majaribio ya hapa duniani kungedai kupima tofauti ya sehemu 1 katika 100,000,000, kiasi kidogo mno. Afisa kijana wa jeshi la majini la Marekani, Albert Michelson, alilichukua neno hilo kama kazi ya kufanya.

Wazo lake tulifuate kwa mitumbwi miwili. Mto unateremka kwa km 3 kwa saa, na kila mtumbwi unapigwa kasia kwa km 5 kwa saa. Wa kwanza unapanda mto km 4 kisha unarudi: kupanda saa 2, kuteremka nusu saa, jumla saa 2 na nusu. Wa pili unavuka km 4 hadi ng'ambo na kurudi. Kwa kuwa lazima uelekezwe juu kidogo usichukuliwe na maji, mwendo wake wa kuvuka unabaki km 4 kwa saa, na safari yake inachukua saa 2 kamili. Umbali ni ule ule, makasia ni yale yale, ila muda umetofautiana, na tofauti hiyo inakuambia kwamba mto unakwenda. Etha ndiyo mto. Miale miwili ya mwanga, mmoja ukielekea Dunia inakoelekea na mwingine ukikata ubavuni, ndiyo mitumbwi. Ikirudi na kukutana, inatengeneza mistari ya mwanga na giza, kama ile hali aliyoionyesha Young, na mmoja ukichelewa, mistari hiyo inahama.

Michelson alijaribu kwanza Ujerumani mwaka 1881. Chombo chake kilikuwa chepesi kuhisi kiasi kwamba mtu akikanyaga kwa nguvu mita 100 kutoka hapo, mistari ya mwanga na giza aliyokuwa akiitazama ilipotea. Mwaka 1887, mjini Cleveland, Marekani, yeye na mwanakemia Edward Morley waliweka vioo vyao juu ya jiwe zito lenye upana wa takribani mita 1.5, na jiwe likaelea juu ya zebaki ili ligeuzwe polepole bila mshtuko. Mwale ulirudishwa na vioo mara nyingi hadi njia yake ikafikia takribani mita 11. Kama etha ingekuwapo, jiwe likigeuka, mistari ingehama kwa kiasi cha 0.4 ya nafasi iliyo kati ya mstari na mstari.

Haikuhama hivyo. Waliandika kwamba kuhama walikoona hakika hakukufika sehemu 1 katika 20 ya kilichotarajiwa, na huenda hata sehemu 1 katika 40.

Michelson alisikitika, alikuwa ameitafuta etha, siyo kuizika, na aliipenda mpaka uzeeni. Wengine walijaribu kuiokoa. George FitzGerald, na baada yake Hendrik Lorentz, walisema labda vitu husinyaa kidogo upande vinakoelekea, hivyo tofauti inajifuta yenyewe. Hesabu za Lorentz zilikuwa sahihi na tunazitumia hadi leo. Mwaka 1905 Albert Einstein alianzia kwingine: mwendo wa mwanga ni ule ule kwa kila mpimaji anayekwenda kwa mwendo usiobadilika, na etha haihitajiki.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu mitandaoni wapo wanaodai kwamba etha ilifichwa makusudi. Matokeo ya Cleveland yalichapishwa Novemba 1887, yeyote ayasome, na jaribio limerudiwa mara nyingi kwa vyombo bora zaidi, leza zikiwemo. Jibu limebaki lile lile.

Basi mwanafunzi wetu ajibiwe nini? Kwamba kinachotikisika ni uga wa umeme na uga wa sumaku, yaani nafasi ambamo nguvu ya umeme au ya sumaku huhisika: mmoja ukibadilika unauzaa mwingine, na hivyo wimbi linasonga bila kubebwa na kitu. Watangazaji wetu husema "tuko hewani", lakini mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga na hewa hayaihitaji.

Shule yenye pampu ya kunyonya hewa inaweza kulionyesha hili kwa dakika chache. Weka simu ndogo ya vitufe juu ya sifongo ndani ya chupa ya kioo, anza kunyonya hewa, kisha mwombe mwanafunzi aipigie. Mlio utafifia hadi usisikike vizuri. Lakini kioo cha simu kitawaka, darasa zima litaona jina la anayepiga, na hapo uwaulize: mlio umeishia wapi, na huo mwito umeingiaje?