Mafuta ambayo karatasi ya maabara haikuyataja

Juzi alikaa mbele yangu baba wa miaka 47, mwembamba, hajawahi kuvuta sigara, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mzigo aliokabidhiwa. Kiharusi kilimpata mwezi uliopita. Mkewe akakunjua karatasi ya maabara: lehemu sawa, sukari sawa. "Sasa daktari, mafuta yaliyoziba mshipa wake yametoka wapi?"

Mafuta na maji havipatani. Tazama uto unavyoelea juu ya supu. Ndiyo maana ini huyafunga ndani ya chembe zenye protini, lipoprotini, ndipo yakaweza kusafiri kwenye damu. Mojawapo, LDL, inayobeba ile "lehemu mbaya", ndiyo hujipenyeza kwenye ukuta wa ateri, ikanasa humo, na miaka ikipita mshipa unaziba. Hiyo karatasi iliitaja.

Ambayo haikutajwa ni Lp(a), aliyoigundua Kåre Berg wa Norway mwaka 1963. Ni chembe kama LDL, ila imeunganishwa na protini ya pili, mkia wenye mikunjo mingi. Mkia huo unafanana mno na plasminojeni, protini inayosaidia kuyeyusha mabonge ya damu, lakini wenyewe hauyeyushi kitu. Chembe hii pia hubeba mafuta yaliyooksidika yanayouvimbisha ukuta wa mshipa, na hukakamaza vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni.

Kiwango chake tunarithi. Ukiacha chapati, ukikimbia kila alfajiri, hakisogei sana. Hata statini, dawa za kushusha lehemu, haziishushi. Takriban mtu 1 kati ya 5 ana zaidi ya miligramu 50 kwa desilita, na sisi wenye asili ya Afrika wastani wetu uko juu kuliko wa Wazungu. Linaniuma hilo, kwa sababu wagonjwa wanaofika kwangu wakiwa wameshapimwa nawahesabu kwa vidole. Na kipimo chenyewe, kwa mtu mzima, mara moja maishani kwa kawaida hutosha!

Wengine huniuliza, "Kama haishuki, tunapima ya nini?" Tunapima ili tuzikaze kamba nyingine: LDL tuishushe zaidi ya kawaida, presha na sukari tusizipe nafasi.

Majibu ya yule baba yalirudi 112. Sikumwambia mkewe kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya kiharusi, maana sivyo ninavyojua. Nilimwomba, "Mama, Jumatatu niletee watoto wote watatu." Kila mmoja ana uwezekano wa takriban nusu kwa nusu wa kuwa amekirithi kiwango hicho cha juu.