Ukitoa saa za tiketi hupati muda wa kuruka

Jamani hili la kuchukua saa ya kufika, unatoa saa ya kuondoka, alafu unaniambia ndege imekaa hewani masaa kumi na nusu, naomba tuliache. Kila Desemba ndugu wakianza kurudi Moshi nalisikia pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na safari hii kalisema mtu anayekata tiketi, yani ndo kazi yake!

Saa za kwenye tiketi ni za mahali husika. Tuseme inatoka Amsterdam 10:00 inafika KIA 20:30. Desemba Uholanzi iko UTC+1, yani saa moja mbele ya saa ya kimataifa, sisi UTC+3, toa mbili, inabaki 8:30. Ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi wenzetu wanasogeza saa zao mbele, sisi hatusogezi, kwahiyo ndege ileile ikitoka 10:00 ileile ya kwao huku itaandikwa 19:30, na watu wanaanza kusema siku hizi inakimbia. Haijaongeza hata kilometa moja! Na hiyo 19:30 kuigeuza saa moja na nusu usiku fanya mwisho kabisa, hesabu ikishaisha.

Alafu hata hizo 8:30 sio za hewani zote. Ratiba inahesabu toka breki zinaachiwa getini mpaka zinafungwa kwenye geti lingine, teksi zote mbili, yani ndege kutembea chini kabla ya kuruka na baada ya kutua, zimo humo, na kila shirika linaongeza akiba yake linavyoona lenyewe. Ndo maana ukiniuliza muda wa safari hasa ni upi sina namba moja ya kukupa.

Umbali Amsterdam mpaka KIA ni kama kilometa 6,900, hiyo ni njia fupi juu ya mviringo wa dunia, sio rula kwenye ramani ya ukutani, na ruti halisi inazidi hapo.

Sasa wale wa kugawanya umbali kwa 900, spidi ya ndege ya kilometa kwa saa. Dar mpaka KIA ni kama kilometa 450, je ni nusu saa? Ratiba inasema saa moja na kitu, maana kupanda na kushuka kunakula safari karibu yote. Na 900 yenyewe ni spidi ndani ya hewa, wakati hewa nayo inatembea. Februari 2020, kipindi cha dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, ukipima juu ya ardhi ilipita 1,300 kwa saa, safari ambayo kawaida inazidi masaa sita. Injini ni zilezile, ila ilibebwa na upepo. Ruti yetu inashuka kusini kwahiyo upepo huo tunaukata kwa ubavu zaidi, hautupi wala kutunyima kiasi hicho, lakini upepo tunaoweka kwenye plani ya safari ni wa utabiri, dakika kumi huku au kule mimi hazinishtui.

Ukija kumpokea mtu usigawanye chochote. Subiri ndege iwe hewani, angalia makadirio ya kutua, hayo yanafuata mwendo wake wa siku hiyo, ongeza foleni ya pasipoti na mabegi, ndo utoke Moshi.