Nyayo zinazowaka moto: maswali kuhusu maumivu ya neva na dawa zake

Haya ni maswali ya aina ninayoulizwa mara kwa mara na wagonjwa hapa Mombasa, na zaidi na jamaa wanaowauguza.

Mamangu ana kisukari mwaka wa kumi sasa. Usiku nyayo zawaka moto, hata shuka haitaki imguse. Twampa parasetamoli na diklofenaki lakini wapi! Kwa nini hazimsaidii?

Kwa sababu hapana jeraha wala uvimbe wa kutulizwa. Kinachouma ni neva zenyewe, yaani mishipa ya fahamu. Sukari ikikaa juu kwa miaka huziharibu, na zile ndefu kabisa ndizo huanza, ndiyo maana tatizo huingilia vidole vya miguu na kupanda polepole. Neva iliyoharibika hupeleka habari za uongo kwenye ubongo: moto pasipo moto, sindano pasipo sindano. Diklofenaki haigusi jambo hilo. Isitoshe, mwenye kisukari akiimeza kila siku anahatarisha figo, tumbo na moyo. Mimi ningemwambia daktari wake kwanza kuhusu diklofenaki, kabla hata ya kuuliza dawa mpya.

Basi zipi zimethibitishwa?

Zenye ushahidi mzuri zaidi hazikutengenezwa kwa ajili ya maumivu ya namna hii. Amitriptilini na duloksetini ni dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Gabapentini na pregabalini ni za kifafa. Kwa hiyo mama akisoma karatasi ya ndani ya pakiti akaona "sonona", asidhani daktari amemwona amerukwa na akili. Dozi ya amitriptilini kwa maumivu huwa ndogo, mara nyingi miligramu 10 usiku mwanzoni, kisha huongezwa taratibu.

Sasa, "imethibitishwa" maana yake nini? Dawa hulinganishwa na kidonge bandia kisicho na kitu, maana wako wengi hupata nafuu kwa kidonge bandia tu, au maumivu yao hupungua yenyewe. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya majaribio mengi ya dawa za maumivu ya neva. Walikuta kwamba ili mtu mmoja apate nafuu kubwa, kwa kawaida angalau nusu ya maumivu, kwa sababu ya dawa yenyewe, ilibidi watu wanne hivi wapewe dawa za jamii ya amitriptilini. Kwa duloksetini na wenzake ni sita hadi saba, kwa gabapentini saba, kwa pregabalini karibu wanane.

Usikimbilie kusema amitriptilini imeshinda. Majaribio yake mengi ni ya zamani na madogo, na majaribio madogo hupenda kuipamba dawa. Mwaka 2022 kukatoka jaribio la Uingereza lililozilinganisha amitriptilini, duloksetini na pregabalini kwa wagonjwa wa kisukari wale wale, kila mmoja akipitia zote kwa zamu. Zilitoshana. Palipohitajika, kuongeza ya pili juu ya ya kwanza kulisaidia zaidi. Kwangu mimi hiyo ni habari njema, kwa kuwa amitriptilini ni ya bei nafuu, na mgonjwa asiyemudu ya bei ghali hajapunjwa.

Ila ina masharti yake. Hukausha kinywa, huleta usingizi na kizunguzungu, na mzee akiamka usiku kwenda chooni aweza kuanguka. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au mkojo unaokwama lazima aseme kabla ya kuandikiwa. Pia haifanyi kazi kesho yake. Ipe wiki kadhaa kwa dozi inayofaa. Wengi huiacha siku ya tano wakisema haikusaidia kitu.

Na zile sindano za vitamini za "kuimarisha neva"?

Zinasaidia aliyepungukiwa. Metfomini, dawa ya kisukari, ikitumiwa kwa miaka yaweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo nao huharibu neva, kwa hiyo mama apimwe. Vilevile mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi hupewa B6 ili neva zake zisidhurike. Lakini kwa mtu asiyepungukiwa, sioni sababu ya kulipia sindano kila wiki. Na B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huleta ganzi ile ile unayoikimbia.

Mume wangu aendesha tuktuk. Maumivu yatoka kiunoni yashuka hadi kisiginoni. Mtu wa duka la dawa asema anunue pregabalini.

Asinunue kwanza. Hayo nayo ni maumivu ya neva, lakini huku ndiko watu wengi hukosea: dawa iliyosaidia neva za kisukari hudhaniwa itasaidia kila neva. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2017 liliwapa watu 209 wenye maumivu kama yake pregabalini au kidonge bandia. Baada ya wiki nane, maumivu ya mguu hayakutofautiana. Waliopewa dawa walipata kizunguzungu zaidi, nacho si kitu cha dereva kukibeba barabarani. Wengi hupona ndani ya wiki hadi miezi kadhaa wakiendelea kutembea na kujinyoosha kadiri wanavyoweza. Kulala kitandani siku nzima hakuharakishi chochote.

Hijama (kuumikwa) na kuchuliwa je?

Kuchua kwa mkono mwepesi kwaweza kumtuliza mtu wa mgongo kwa muda, sina ugomvi nako. Hijama imefanyiwa majaribio, lakini mengi ni madogo na ni vigumu kumficha mgonjwa asijue kama ameumikwa kweli au la, hivyo matokeo hayaaminiki sana. Akiamua kwenda, wembe uwe mpya, na mguu wenye ganzi usiguswe: kidonda hapo huchelewa kupona. Maji ya moto na mawe ya moto marufuku, maana mguu usiohisi huungua mwenyewe hajui.

Kuna dawa ya kuzirudisha neva?

Hizo zote nilizotaja hutuliza tu. Kinachozuia uharibifu usiendelee ni kuidhibiti sukari yenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kuidhibiti vizuri kulipunguza ugonjwa wa neva kwa takriban asilimia 60 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kwa aina ya pili, iliyo nyingi zaidi kwetu, faida ni ndogo kuliko hiyo. Kagua nyayo kila jioni, na juani usitembee pekupeku, hata zile hatua chache kutoka mlangoni pa msikiti hadi mahali pa kutawadha.

Lini nisingoje kliniki?

Mkojo au choo kikikataa kutoka au kikitoka chenyewe, ganzi ikiingia sehemu za siri, mguu ukilegea ghafla, au maumivu ya mgongo yakija na homa na kukonda. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari pia, hata kama hakiumi.